Kitita Kilicholiwa Garini

Sikutaka kujiunga na kamati yoyote, na nilimwambia Kithinji hivyo usoni, asije akasema hakuambiwa. Nilikuwa nimetoka kuzunguka mitaa ya Kinoru asubuhi nzima, mgongo unaniuma, nataka chai tu. Nikamkuta amekaa kwenye kiti changu pale ofisini kwetu, miguu ameinyoosha, ananingoja anieleze habari za siasa.

"Mama Kathambi," akasema, "walimu wana chama. Manesi wana chama. Watu wa bodaboda akiguswa mmoja, mji mzima unasimama. Sisi wa mashirika tuna nini?"

"Tuna kazi," nikamwambia. "Na hicho kiti ni changu."

Akacheka, akahama. Kithinji hakasiriki, na hilo ndilo huniudhi kwake. Yeye alikuwa fundi wa shirika la maji. Mimi nilikuwa katika shirika dogo la watoto wenye ulemavu. Kazi yangu ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba nikiwanyoosha watoto viungo, na kuwafundisha mama zao wafanye vivyo hivyo nikishaondoka. Kazi ile naipenda mpaka leo, sitaki mtu aseme vingine. Lakini mkataba wetu ulikuwa wa miezi sita sita, na ndani yake tuliitwa watu wa kujitolea. Miaka nenda miaka rudi, najitolea tu! Na mtu wa kujitolea hapewi likizo ya uzazi. Akizaa, mkataba ukifika mwisho haufanywi upya. Anaambiwa asante, anapikiwa chai ya kumuaga. Mwenzetu Kiende aliagwa hivyo, na sisi wote tukala keki.

Kithinji na wenzake walikuwa wameunda kamati ya kisiasa ya wafanyakazi wa mashirika yote ya mjini Meru. Uchaguzi mdogo wa wadi yetu ulikuwa unakuja. Kila mwanachama angechanga kidogo kila mwezi kutoka mfukoni mwake mwenyewe, kwa sababu pesa za wafadhili haziruhusiwi kugusa siasa. Kisha kamati ingempigia kampeni mgombea mmoja, yule atakayekubali kupeleka hoja katika bunge la kaunti: kwamba shirika lolote linalofanya kazi na zahanati za kaunti liwape watu wake mkataba wa maana, na mwanamke akizaa apumzike alipwe, arudi aikute kazi yake.

"Siasa ni uchafu," nikasema. "Mtachanga, mtu atanunua gari."

"Basi usichange. Sikiliza tu."

"Nimesikiliza. Kwaheri."

Mambo yangeishia hapo kama si Lenah.

Lenah alikuwa msichana wetu kutoka Timau, tukifanya kazi pamoja, mimi namfundisha. Aliolewa na kijana wa shamba la maua, na kijana alikuwa amepunguzwa kazini, kwa hiyo nyumba nzima ilikula mkononi mwa Lenah. Siku zote alivaa koti zito la huko kwao. Tulimtania kwamba ameibeba baridi ya Timau mpaka mjini. Siku moja tukiwa kwa mtoto mmoja, tumepiga magoti kwenye mkeka, akashindwa kuinama. Nikamtazama, naye akatazama chini.

"Ni wa lini?" nikauliza.

"Mwezi wa tisa."

"Na mkataba?"

"Huo huo wa tisa." Akashika koti lake. "Usimwambie Madam wa ofisini, tafadhali."

"Wee! Nimwambie kwa nini?" Nilimfokea kana kwamba kosa ni lake. Hata yule mtoto kwenye mkeka alishtuka, maskini. Tulimaliza mazoezi. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya zamani, maana mambo hayo nayajua mwenyewe. Nitayasema yakifika mahali pake.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwenye mkutano wa kamati, ukumbini kanisani. Nilikaa nyuma kabisa, mkoba mapajani, niweze kuondoka nikitaka. Mgombea aliyeelekea kushinda alikuwa Riungu, mkandarasi, mtu mkubwa mwenye sauti. Kila alipokwenda aliahidi kila kitu. Sasa swali lilikuwa, watamfunga vipi aseme neno asiloweza kulikana kesho?

"Atie sahihi," mmoja akasema.

Dhahabo, mwekahazina, akaangua kicheko. Dhahabo alizaliwa Maua, baba yake akisafirisha miraa kwa malori, na Kimeru chake kinanishinda hata mimi. "Sahihi? Huyo ametia sahihi barabara ngapi hapa mjini, na matope bado tunayakanyaga?"

Ndipo Kithinji akasema, "Tumpelekee ncoolo."

Kwa asiyejua, ncoolo ni kitita cha miraa teule, kimefungwa kwa ganda la mgomba na kuvikwa jani lake. Kijana akitaka binti ya watu, wazee wake hutanguliza hicho. Na si posa peke yake. Ukiwa na ombi zito kwa mtu mzima, unaenda nacho. Akikubali ombi, anakifungua mbele yako, mnatafuna pamoja, na neno limekwisha. Akikataa, anakurudishia kikiwa kimefungwa vile vile, mnaagana vizuri, na hakuna aliyetukanwa.

"Ala! Mnamposa Riungu?" nikauliza kutoka nyuma. "Na mahari atalipa nani?"

Walicheka sana, halafu wote wakanigeukia. Kithinji akatabasamu lile tabasamu lake. "Mama Kathambi, ndugu yako Marete si ana miti ya miraa kule Igembe?"

"Mimi si mwanachama."

"Miti nayo si mwanachama. Tuletee tu."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikamwona Lenah pale kwenye benchi la kando, amejifunga koti lake na jua linawaka nje. Nikaenda Igembe.

Marete alikunja uso aliposikia ni cha mwanasiasa. Lakini alipanda mwenyewe kwenye miti aliyotuachia baba, ile mizee, akachagua kijiti kimoja kimoja, akafunga kwa mkono ule ule uliofunga ncoolo ya posa za wanawe. "Huyo Riungu ni mtu wa huku," akaniambia. "Anajua anachopewa."

Tulikipeleka siku ya soko. Kithinji alizungumza vizuri, nampa haki yake. Alieleza ombi letu lote bila kurembaremba, wakili angemwonea wivu. Riungu akapokea kwa mikono miwili. Akasifu utamaduni wetu, akasifu vijana wanaokumbuka mila, akapiga picha na kila mtu. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyake. Nikangoja vishike lile ganda la mgomba. Simu yake ikalia. Akampa dereva wake kitita, akasema, "Koome, weka garini," wakaondoka mbio, wana safari ya Nairobi.

Jioni hiyo simu zetu zilijaa picha. Amepokea! Amekubali! Kesho yake kamati nzima ikaanza kumpigia kampeni, mlango kwa mlango, kwa jasho lao na michango yao.

"Hakufungua," nikamwambia Kithinji.

"Alikuwa na haraka, mama."

"Kufungua fundo kunachukua muda gani? Mtu aliyeondoka nacho kimefungwa bado anafikiria. Na mtu anayefikiria hajakubali kitu."

"Picha umeziona?"

"Picha zinatafunwa?"

Wiki haikuisha, Riungu akaulizwa kwenye mkutano wa hadhara habari ya mikataba yetu. Akasema, "Hilo tutaliangalia." Tutaliangalia! Lenah alikuwa amesimama kando yangu. Aliinua kola ya koti kwa mikono miwili.

Nikaiambia kamati ikakidai kitita, tujue moja. Akiturudishia, tutafute mgombea mwingine siku zikiwa bado zipo. Wanaume wakaanza kutazamana. Ooh, ataona tunamtusi. Ooh, tungoje kwanza. Basi nikamshika Lenah mkono, tukaenda wenyewe. Kwa desturi mwanamke hatumwi kwa shughuli ya ncoolo, najua. Lakini walioruhusiwa na desturi walikuwa wamekaa kwenye viti wanakunywa soda.

Riungu alitupokea ofisini kwake kwa heshima. "Muga, mama. Karibuni."

"Muga, Mheshimiwa. Tumekuja kuchukua kitita chetu."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza polepole, kwa Kimeru, kwamba hatuna ubaya. Ombi letu limekuwa zito kwake, atupe tulichomletea, tuachane kwa amani. Nilikuwa nimejitayarisha kukipokea. Hata kikapu nilibeba.

Riungu akaanza kutazama dirisha, kisha mlango, kisha akaita, "Koome!"

Dereva akaingia, akaniona, akavua kofia.

"Ile miraa ya wageni wangu iko wapi?"

"Ipi, mzee?"

"Ile ya kuvikwa jani!"

Koome akakunja ile kofia. "Mzee, si ulisema niweke garini? Nikaweka. Sasa ile safari ya Nairobi... usingizi ulinishika kabla ya Embu, nikafungua kidogo."

"Ulifungua!"

"Kidogo tu, mzee. Na tulipopita Embu, wewe mwenyewe ukanyoosha mkono ukasema, hebu leta hapa. Ukatafuna mpaka Makutano. Hata ulisema ni tamu kuliko ya siku zote."

Nilikuwa nimeenda kuchukua kitita tu, naapa, sikuwa na hila yoyote. Lakini nilipomtazama Riungu, nikaona uso wa mtu wa Igembe ambaye amekumbuka yeye ni wa Igembe. Alijua alichokula kabla sijafungua mdomo. Lenah aliweka kiganja kwenye midomo asicheke.

Nikaweka kikapu chini. "Mheshimiwa, baba yako yu hai?"

"Yu hai," akasema kwa sauti ndogo.

"Dada zako waliolewa kwa ncoolo?"

"Wote."

"Kulikuwa na mmoja ambaye baba yako alikula ncoolo yake, halafu akasema binti hatoki?"

Riungu akajifuta paji la uso. Alianza kusema kwamba hakujua, ilikuwa gizani, dereva ndiye aliyefungua. Akajisikia mwenyewe, akaacha. Mtu hawezi kusimama mbele ya Wameru kuomba kura akiwa na maneno kama hayo. Angechekwa mpaka na watoto.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mimi, huyu binti, na huyu Koome wako. Na ndugu yangu Marete ataniuliza kitita chake kiliishia wapi. Marete hajui kunong'ona."

"Wewe mama ni mbaya."

"Mbaya sana, Mheshimiwa."

Hapo akacheka, cheko la kweli lililomtikisa tumbo, na kuanzia siku hiyo nilianza kumpenda kidogo, nisiseme uongo. Kisha akawa mtu wa kazi. Akasema akishinda ataipeleka hoja, hilo limekwisha, kitita amekila. "Lakini mniletee mtu. Wale wajumbe wa kamati ya afya bungeni wataniuliza, aliyepatwa na haya ni nani? Nikisema nimesikia, watanicheka. Nataka mtu asimame na jina lake."

Njiani tukirudi Lenah alisema, "Nitasimama mimi."

"Wewe utasimama na tumbo hilo, wakufukuze kabla ya wa tisa? Nyamaza," nikamwambia. "Tembea."

Riungu alishinda. Mwezi wa nane kamati ya afya ya bunge la kaunti ikatuita. Aliyesimama kwa niaba ya kamati yetu ilibidi awe mwanachama, kwa hiyo nilienda kwa Dhahabo nikatoa mchango wangu wa kwanza. Kithinji akaja mbio kutoka chumba cha pili.

"Mama Kathambi! Umejiunga?"

"Ukicheka naondoka."

Hakucheka. Alinivutia kiti.

Kesho yake Madam Felicitas, mkubwa wetu wa ofisi, aliniita. Si mtu mbaya, na yeye ana watu juu yake anaowaogopa. Alinimiminia chai kwa mkono wake. "Karwirwa, ukisimama pale wafadhili watasema tumeingia siasa."

"Sisimami kwa jina la shirika, Madam. Nasimama kwa jina langu."

"Mkataba wako nao unaisha wa tisa," akasema taratibu, akitazama birika.

"Najua unapoisha."

Usidhani sikuogopa. Umri wangu huu, nani ataniajiri tena kushika miguu ya watoto?

Pale mbele ya waheshimiwa nilisema hivi, na sikusema kwa ufundi. Nilisema nilijifungua binti yangu Kathambi nikiwa mgeni katika kazi hii. Nilirudi kazini kitovu chake hakijakauka vizuri, kwa sababu ningekaa ningekosa mkataba. Nilimwacha Igembe kwa mama mkwe. Maziwa yalinimwagikia kwenye blauzi nikiwa nimeshika watoto wa wengine, nikiwafundisha mama zao jinsi ya kuwabeba. Jumamosi nilipanda gari kwenda kumwona. Alipoanza kusema, nyanya yake ndiye aliyemwita mama. Mimi aliniita Karwirwa, kama alivyosikia watu wakubwa wakiniita. Nikimchukua analia. Analia anamtaka mama yake, na mama yake ni mimi, nimembeba.

"Sasa ni mkubwa," nikawaambia. "Ananiita mama, tunaelewana, namshukuru Mungu. Lakini ile miaka hakuna wa kunirudishia. Sikuja kuiomba. Nimekuja kwa ajili ya wale walio na tumbo sasa."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu nililia, na sikutaka kulia mbele ya watu wale. Riungu alikuwa anatazama meza.

Hoja ilipita. Mashirika hayakungoja hata kulazimishwa, maana habari zilienea na hakuna aliyetaka kutajwa. Lenah akapewa mkataba wa mwaka mzima, na ndani yake akaitwa mfanyakazi. Alinisomea neno hilo mara tatu tukiwa tumesimama nje ya choo cha ofisi. Koti alikuwa amelivua.

Wangu haukufanywa upya. Madam Felicitas alisema asante. Wakapika chai, wakanunua keki. Nilikula, mbona nisile?

Sasa niko Igembe, nyumba ya pili kutoka kwa Marete, nina ng'ombe mmoja mwenye kichwa kigumu na shamba la kunitosha. Akina mama wa huku huniletea watoto wao wenye viungo vizito, nami nawanyoosha kwenye mkeka wangu. Mchango wa kamati bado natuma. Kithinji aliurudisha, akasema kanuni zinataka mtu awe kazini katika shirika. Nikautuma tena. Akaurudisha. Nikampigia nikamwambia ya moyoni, na wiki iliyofuata wakabadilisha kanuni.

Juzi Lenah alikuja kunitembelea. Ilikuwa Jumanne, siku ya kazi, mchana kweupe, na yeye amekaa kwenye kiti changu cha mlangoni, miguu ameinyoosha, mtoto kifuani, mshahara wake unaingia. Hakuwa na haraka ya kwenda popote. Mtoto alishiba, nikamwomba nimpakate.

Nilimbeba kama ninavyojua kubeba. Watoto wa watu hunizoea upesi, ndiyo kazi yangu. Huyu alinitazama, akakunja uso, akaanza kulia. Nikambembeleza, nikamwimbia, nikamtembeza mpaka kwa ng'ombe. Wapi! Alipiga kelele mpaka Marete akachungulia kutoka kwake. Lenah akainuka ameona haya.

"Nisamehe, Mama Kathambi. Huyu haendi kwa mtu."

Nikamrudisha mikononi mwake, naye akanyamaza pale pale, akaushika mkufu wa mama yake. Nilifurahi, na niliona wivu, vyote viwili kwa pamoja, nikageuka kupanga vikombe.

"Usiombe msamaha," nikamwambia. "Anamjua mama yake."